Umetibiwa na Ugonjwa Umerudi: Je, Mwenzako Alitibiwa?

Katika vikundi vya akina mama, kutoka Keroka mpaka Ogembo, kuna swali moja ambalo haliulizwi mkutano ukiendelea. Linaulizwa baadaye, vikombe vya chai vinapooshwa, na anayeuliza husema anamwulizia jirani yake. Yule jirani alidungwa sindano, akameza vidonge vyote, akapona kabisa. Miezi miwili haijaisha, yale maji machafu yakarudi, na maumivu ya chini ya tumbo pia yakarudi. Je, dawa za siku hizi zimekuwa hafifu? Ama kuna mtu amemchezea?

Ndugu wasomaji, mara nyingi dawa ilikuwa nzuri na hakuna aliyerogwa. Alitibiwa mtu mmoja, na ugonjwa ulikuwa wa watu wawili. Alipopona alirudi nyumbani kwa mtu ambaye bado alikuwa nao, akaupata upya. Ugonjwa haukujificha mwilini mwake ukingoja. Umeingia mara ya pili kwa mlango ule ule.

Wako watakaouliza kwa nini jarida la kanisa linaingia chumbani mwa watu. Tunaingia kwa sababu tunaona akina mama wakiuza kuku na kukopa pesa za kikundi kwa ugonjwa ambao ungekwisha kwa safari moja ya watu wawili. Na tunaona wengine wakikosa watoto.

KISONONO SI KAMA SURUA

Magonjwa ya zinaa ni mengi, lakini yako manne ambayo dawa huyaponya kabisa: kisonono, kaswende, klamidia na trikomona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake yalitokea maambukizi mapya milioni 374 ya haya manne, kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Hiyo ni zaidi ya milioni moja kila siku. Kwa hivyo mtu asifikiri ni aibu ya kijiji chake tu.

Mtoto akishaugua surua na kupona, haiugui tena. Mwili wake umejifunza. Magonjwa haya manne hayafundishi mwili hivyo. Unaweza kupona leo na kuambukizwa tena wiki ijayo, mara tatu, mara kumi. Dawa inaua wadudu walio ndani yako siku hiyo. Haikuwekei ukuta kwa ajili ya kesho.

Kitu kingine kinachotudanganya ni kimya cha magonjwa haya. Mwanamume aliyepata kisonono kwa kawaida huona usaha katika siku chache, mara nyingi mbili hadi tano, na haja ndogo inamchoma kama pilipili. Huyo atatafuta dawa mwenyewe. Lakini mwanamke mwenye kisonono kile kile mara nyingi hasikii kitu. Klamidia ni kimya zaidi, kwa wanawake wengi na hata kwa wanaume. Trikomona huwasumbua wanawake kwa uchafu na kuwashwa, hali wanaume wengi hawajui kama wanayo. Mume anaweza kumwambukiza mkewe mwaka mzima bila yeye mwenyewe kujikuna hata siku moja. Kaswende nayo huanza na kidonda kisichouma, kwa kawaida kama wiki tatu baada ya kuambukizwa, ingawa kinaweza kuchelewa mpaka siku 90. Kidonda kile kinapona chenyewe bila dawa. Mtu anashukuru, kumbe ugonjwa umehamia kwenye damu.

Basi mwenzako akisema "Mimi siumwi," usimwite mwongo. Huenda anasema kweli kabisa. Anao, na haumwi.

BOMA MOJA

Tuchukue mfano wa boma moja. Si boma la mtu fulani, kwa hivyo msianze kukisia.

Baba Moraa anafanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Kericho na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama Moraa amebaki na watoto, ng'ombe mmoja na majani chai ya kuchuma. Anaona uchafu wenye harufu, tumbo la chini linamuuma, anakwenda zahanati. Anapewa dawa na anaambiwa, "Mwambie mzee naye aje." Anaitikia kwa kichwa. Njiani anafikiri: nitaanzaje? Atasema mimi ndiye ninayetembea. Anameza dawa zake kimya kimya, anapona. Mwisho wa mwezi Baba Moraa anakuja na sukari na unga. Wiki mbili baadaye mama yuko tena kwenye foleni ya zahanati.

Mara ya pili anaona haya kurudi kwa nesi yule yule, kwa hivyo anakwenda duka la dawa sokoni na kununua vidonge vinne kwa sababu pesa zilizopo ni za vidonge vinne. Mara ya tatu jirani anamwelekeza kwa mtu mwenye mizizi. Hapo kuku wawili wamekwenda.

Hesabu ya kuku ni ndogo. Hesabu kubwa iko ndani ya tumbo. Kila mara kisonono au klamidia inapopanda juu kutoka mlango wa kizazi, mirija inayopitisha yai inavimba na inaweza kuingia usaha. Inapopona inabaki na makovu, kama ngozi iliyoungua maji moto. Kovu la kwanza pengine halitazuia kitu. Yakizidi, mrija unaziba, na mimba haishiki. Ama unaziba nusu, mimba inashika ndani ya mrija badala ya kizazi, mrija unapasuka, na mama anavuja damu ndani kwa ndani mpaka anaweza kufa kabla ya kufika hospitali. Kila marudio yanaongeza hatari hii. Ndiyo sababu hatuwezi kusema, "Si kitu, atameza tena dawa."

Na sisi Wagusii tunajua mama asipozaa watu husema nini, na wanamsema nani. Hakuna anayemwuliza mzee kama alimeza dawa yake.

NUSU YA WABABA

Msifikiri shida hii ni ya zahanati ndogo za mashambani peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki za halmashauri ya jiji la Nairobi zilianza kuwapima akina mama wajawazito kaswende pale pale kliniki na kuwatibu siku ile ile, badala ya kutuma damu mbali na kungoja majibu yanayopotea. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Walipimwa akina mama zaidi ya 13,000, na kati ya kila 100, sita au saba walikuwa na kaswende. Karibu 87 kati ya kila 100 ya hao wagonjwa walipata matibabu. Hiyo ni kazi nzuri sana. Lakini waume na wenzi wao waliotibiwa walikuwa nusu tu.

Nusu! Mama wa ile nusu ya pili amedungwa sindano, kitabu chake kimeandikwa kwamba ametibiwa, kila mtu ameridhika, naye anarudi kulala karibu na mtu mwenye kaswende. Ana mimba ya miezi minne. Akiambukizwa tena mwezi wa sita, hakuna anayejua, maana kipimo kilishafanywa. Kaswende inavuka kwenda kwa mtoto. Mtoto anaweza kufa tumboni, kuzaliwa kabla ya wakati, ama kuzaliwa na ugonjwa unaoharibu mifupa, ini na ubongo wake. Tunajua nyumba ambazo zimezika watoto wachanga mfululizo zikalaumu macho ya watu. Hatusemi zote ni kaswende. Tunasema damu ya wote wawili ipimwe kabla ya kumlaumu jirani.

Siku hizi kipimo ni rahisi kuliko wakati ule. Tone la damu ya kidole, na kifaa kimoja kinaweza kuonyesha virusi vya ukimwi na kaswende pamoja, majibu mkiwa bado mmekaa kwenye benchi. Mama mjamzito apimwe mapema kliniki, na mimba ikiwa kubwa aulize tena kuhusu kipimo cha pili, hasa kama mzee hakutibiwa.

Jambo lingine linatoka kwa jirani zetu wa kusini, Mwanza, ng'ambo ya mpaka wa Isebania na Sirare. Kati ya mwaka 1991 na 1994 wauguzi wa vituo vya mashambani huko walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa kuwapo, na wenzi wa wagonjwa wakaitwa. Maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi yalipungua kama asilimia 40 kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa na mpango huo. Baadaye majaribio mengine Uganda hayakupata matokeo kama hayo, kwa hivyo mtu asiwaambie kwamba kutibu kisonono kunamaliza ukimwi. Lakini ni kweli kwamba kidonda au uvimbe sehemu za siri unafungulia virusi mlango, na mlango uliofungwa na dawa ya mmoja unafunguliwa tena na mwenzake asiyetibiwa.

NANI ALILETA?

Sasa tuje kwa neno gumu. Watu wengi hawakatai dawa. Wanakataa swali linalokuja na dawa: nani alileta ugonjwa huu nyumbani?

Maabara haijibu swali hilo. Hakuna kipimo kinachoandika jina la aliyeanza. Anayeonyesha dalili kwanza si lazima ndiye wa kwanza kuupata. Klamidia na trikomona zinaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kujitangaza, na kaswende inaweza kunyamaza miaka. Kuna watu waliingia katika ndoa nao, wakazaa watoto wawili, ndipo ukaonekana. Tena si kila uchafu ni wa zinaa. Fangasi wa ukeni huwasha na kutoa kitu kama maziwa yaliyoganda, na humpata hata mwanamke ambaye mume wake hajawahi kumkosea. Kuna uchafu mwingine wenye harufu ya samaki unaotokana na vijidudu vya ukeni vyenyewe kubadilika. Haja ndogo ikichoma inaweza kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Kwa hayo mara nyingi mzee hahitaji dawa yoyote. Basi pimwa kwanza, ugomvi ungoje. Mara nyingine utakuta hakuna cha kugombania.

Hatusemi uaminifu si kitu. Mazungumzo hayo yapo, na wazee wa ukoo na wa kanisa wapo. Lakini yafanyike baada ya dawa kumezwa. Nyumba ikiwaka moto, hatukai chini kwanza kutafuta nani aliacha moto jikoni.

KUSEMA VIPI

Usiseme usiku akitoka kunywa. Usiseme mbele ya watoto, wala mama mkwe akiwa jikoni. Anza na yale daktari aliyoyasema, si yale unayoyashuku. Inaweza kuwa hivi:

"Baba Moraa, leo nilikuwa zahanati."

"Kuna nini? Mtoto?"

"Ni mimi. Wamenipata na maambukizi, wamenipa dawa ya siku saba. Wamesema nikiimeza peke yangu ni kazi bure. Hii kadi ni yako."

"Kadi yangu? Mimi siumwi mahali."

"Hata mimi sikujua vizuri mpaka nilipopimwa. Wanasema wanaume wengi hawasikii kitu."

"Kwa hivyo unasema mimi ndiye nimeleta."

"Sijasema hivyo, na daktari hakusema. Amesema tupone pamoja, ama tutakuwa tukirudi pale kila mwezi. Nauli ya kesho ninayo."

Angalieni mama huyu hakuomba msamaha na hakushtaki. Alipoulizwa swali la kuchokoza alirudi kwenye dawa. Na nauli alikuwa ameitayarisha, kwa maana mwanamume akisema "Nitakwenda wiki ijayo," mara nyingi wiki hiyo haifiki.

Kadi tunayoitaja ni karatasi ndogo ambayo vituo vingine humpa mgonjwa ampelekee mwenzake. Ina alama au namba inayomwonyesha mhudumu ni matibabu gani yanahitajika. Akiipeleka kituo chochote, anatibiwa hata kama hana dalili. Kama kituo chenu hakina kadi, mwombe mhudumu akuandikie kwenye karatasi ugonjwa au dalili na dawa uliyopewa.

Kuna mama ambaye akisema hivi atapigwa. Anamjua mume wake kuliko sisi. Huyo asilazimishwe na nesi, wala kikundi, wala jarida hili. Amwambie mhudumu waziwazi, "Nikimwambia ataniumiza." Pengine mhudumu anaweza kumwita mzee kwa njia nyingine, kwa mfano kupimwa pamoja kwa sababu ya mimba, bila kutaja aliyeanza kutibiwa. Kama hilo nalo haliwezekani, mama apewe mipira ya kinga na shauri la kujilinda, na arudi kupimwa mara kwa mara.

Na wewe mzee unayesoma hapa. Tumeongea sana juu ya akina mama, lakini ni wewe unayeona usaha kwanza. Wengi mnakimbilia duka la dawa mjini, mnapona, mnarudi nyumbani na mkate bila kusema neno. Mke hasikii kitu, kwa hivyo hatakwenda kutibiwa. Ugonjwa unapanda kwenye mirija yake polepole, na baadaye unakurudia wewe, halafu unamshtaki yeye. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Kunyamaza huku ni kumwibia mkeo uzazi wake, na hatuna jina lingine la kukupa.

Mwenye wake wawili, wote wawili watibiwe, na mwenye mwingine mjini naye ajue kwamba huyo anahusika. Kwa ugonjwa wa usaha na uchafu, wahudumu huuliza juu ya watu wa angalau miezi miwili iliyopita. Kwa kaswende huenda nyuma zaidi, miezi mitatu mpaka mwaka kulingana na hatua ya ugonjwa. Semeni kweli kwa mhudumu. Yeye hatafuti dhambi, anatafuta mahali ugonjwa ulipobaki.

NUSU KWANGU, NUSU KWAKO

Kuna upendo mmoja unaoharibu. Mama anapewa vidonge, anarudi nyumbani, anamgawia mzee nusu. Dawa moja inayotumika sana kwa klamidia, doksisaiklini, humezwa mara mbili kwa siku kwa siku saba: vidonge 14. Ukigawa saba kwa saba, hakuna aliyepona hapo. Wadudu walioponea nusu dozi wanajifunza kuizoea dawa. Tena doksisaiklini haifai kwa mama mjamzito, kwa hivyo mzee naye asimgawie mkewe mwenye mimba.

Tumeshaona matokeo ya mchezo huu. Kisonono kilikuwa kikiponywa na penisilini. Kikaizoea. Kikazoea tetrasaiklini, kisha siprofloksasini. Leo tegemeo ni sindano ya seftriaksoni, nayo pia imeanza kushindwa mahali pengine duniani. Kwa hivyo mtu wa duka akikuuzia vidonge vya rangi mbili na kukuambia ndivyo alivyotumia baba yako, mwambie kisonono cha baba yako kimezeeka na kuwa na akili nyingi. Penisilini ya sindano bado ni dawa kuu ya kaswende: dozi moja kwa kaswende ya karibuni, na sindano tatu, moja kila wiki, kwa iliyokaa zaidi ya mwaka au isiyojulikana ilianza lini. Anayedhurika na penisilini aseme kabla ya sindano. Hii ni sababu moja tunataka mzee afike mwenyewe, aulizwe na apimwe.

Lakini kama hawezi kabisa kufika? Katika hospitali ya Mulago, Kampala, walijaribu njia mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Wagonjwa wengine waliambiwa wawalete wenzi wao. Wengine walipewa dozi kamili ya pili wawapelekee nyumbani. Kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, kati ya kila wenzi 100 walioitwa tu, 34 walitibiwa. Kati ya wale waliopelekewa dawa, 74. Tofauti ni kubwa. Basi muulize mhudumu kama inawezekana kwa hali yako. Akikubali, itakuwa dozi kamili ya mzee na maelezo yake, mbali na dozi yako. Asipokubali, usijifanyie mwenyewe kwa kugawa yako.

Kisha kuna zile siku saba. Msikaribiane mpaka siku saba zipite tangu wa mwisho kutibiwa, kama dawa ni ya mara moja. Kama ni ya siku saba, mpaka wa mwisho amalize na dalili ziwe zimekwisha. Angalieni neno "wa mwisho". Mama akimaliza Jumatatu na baba aanze Alhamisi, hesabu ni ya baba. Watakaoshindwa kungoja watumie mpira, unatolewa bure katika vituo vingi vya serikali. Dalili zisipokwisha baada ya dawa, rudini. Pengine dawa haikufaa, ama ugonjwa ni mwingine. Hata kama mko sawa, kupimwa tena baada ya miezi mitatu kunasaidia kukamata maambukizi yaliyorudi kimya kimya. Kwa kaswende mtapewa tarehe za kupimwa damu tena.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Kwanza pesa. Kikundi chenye mfuko wa dharura kiwe tayari kutoa nauli ya watu wawili, si mmoja, na kwenye daftari iandikwe "matibabu" basi. Mweka hazina asiulize ni matibabu ya nini. Siri ikitoka mara moja kwenye kikundi, hakuna mama atakayekopa tena kwa jambo hili, na hamtajua kwa nini.

Kuna waliopendekeza kikundi kiwaite wazee waliokataa kutibiwa na kuwasema mbele ya wote. Tunapinga. Mzee aliyeaibishwa sokoni anamalizia hasira nyumbani.

Halafu kuna chinsoni. Mkwe hawezi kusikia mambo haya mbele ya baba mkwe, wala mama mbele ya mwanawe wa kiume aliyetahiriwa. Heshima hii ni nzuri na hatuiondoi, lakini imefanya mafundisho mengi kuwa kimya, watu wakitazama chini na kuvuta nyasi. Mkimwalika nesi au mhudumu wa afya wa kijiji, mgawe vikao: akina mama wa rika moja, wazee peke yao, vijana peke yao. Na msiwasahau mababu na nyanya. Kwa desturi yetu wao wana ruhusa ya kutaniana na wajukuu juu ya mambo ambayo baba na mama hawawezi kuyataja. Nyanya aliyeelewa habari ya zile siku saba atamwambia mjukuu wake aliyeoa majuzi kwa mzaha, na kijana atasikia.

Chagueni pia wakati. Nesi akija mwezi wa Mei atawakuta akina mama peke yao. Akija wakati wa bonasi ya chai, ama Desemba watu wanaporudi kwa tohara na Krismasi, wazee wako nyumbani. Huo ndio mwezi wa kupima wawili wawili, na ndio mwezi magonjwa haya husafiri zaidi.

Kwa mzee ambaye hatakuja mpaka Desemba, asingoje. Aliye Kericho, Nairobi au Mombasa atibiwe huko huko. Mpigie simu, usimwandikie ujumbe, maana simu husomwa na wengi. Msomee kile kilichoandikwa kwenye karatasi, jina la ugonjwa na la dawa, naye aandike na kupeleka kituo cha karibu naye. Mkubaliane siku, na muulize alipewa dawa gani na ya siku ngapi. Kama alianza Jumatano na basi lake linafika Keroka Jumamosi, siku saba hazijaisha. Atandikiwe kitanda kule kwa wavulana, aseme mgongo unamuuma.